Chumvi ya Casilda

Mwezi wa Novemba dada yangu alinunua baiskeli kumi na moja.
Kijiji chetu, Peine, kina mteremko mmoja tu.
Akazipanga ukutani mwa shule anakofundisha hesabu,
kisha saa tisa usiku akampigia simu meneja wa mgodi
kumweleza namna ya kuzuia maji ya jangwa yasikauke.
Nusu saa nzima, meneja alimsikiliza.

Usiku sita hakulala.
Alikuwa mzuri, nisiseme uongo.
Maneno yalimtoka kama punje katika gunia lililopasuka,
kila punje inameta,
na hakuna hata moja ya kuokota ukasaga.

Kupanda mchongoma, walisema.
Siku ya saba tuliiona hiyo ngoma:
katikati ya uwanda wa chumvi, miguu peku, nyayo zinavuja damu,
akiwafundisha heroe desimali.

Halafu Juni.
Juni haina maelezo marefu. Ukuta, blanketi,
chai iliyofanya utando.
Nilimwosha nywele, hakuuliza mikono ni ya nani.
"Usinihurumie," alisema. "Mimi sipo."

Mama alisema ni kijicho cha watu.
Baba mdogo, uvivu.
Mimi nilimsingizia dereva mmoja wa malori.
Kila mtu alikuwa na jibu.

Daktari Araneda, kule Calama, alikuja na swali:
"Kabla ya huzuni hii, kulikuwa na furaha ya namna gani?"
Tukatazamana. Nani huenda hospitali kuishtaki furaha?
Akachora mstari, ukapanda, ukashuka, ukapanda.
Ugonjwa mmoja, akasema, una ncha mbili.
Nikitibu bonde peke yake, naweza kumrusha tena kileleni.
Akaandika: lithiamu.

Nikacheka hadi daktari akaanza kunitazama mimi.

Miaka tisa navaa buti kwenye mabwawa yale.
Maji ya chumvi tunayaanika juani mwaka na zaidi,
yakiwa buluu, yakiwa kijani, mwisho manjano kama mkojo wa punda,
yapakiwe, yaende
kwenye betri za magari ya watu nisiowajua.
Kumbe kiganja kimoja huchepuka njiani,
hupita viwanda na forodha
na kurudi kwetu kidonge cheupe.

Si muujiza. Kiu, kwanza: jagi zima kwa kipindi kimoja.
Mkono unatetemeka, chaki inaandika saba kama nyoka.
Damu hupimwa, saa kumi na mbili baada ya kumeza,
maana kikizidi kidogo ni sumu, kikipungua ni maji tu.
Akiharisha, hatungoji asubuhi.

Mwaka wa pili aliacha.
"Nilikuwa na mbawa," aliniambia, "na wewe unachimba mkasi."
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.
Wiki tano baadaye alinigongea dirisha alfajiri,
kiatu kimoja, risiti ya baiskeli ya kumi na mbili mkononi:
"Abdón, nipeleke. Nipeleke kabla sijaanza kuifurahia."

Akaenda kwa miguu yake. Hilo nalikumbuka
kuliko heroe, kuliko Juni.

Mtoto mmoja darasani alimuuliza kuhusu mkono.
Akamjibu, "Ni tetemeko dogo. Wewe ni Mchile, utazoea."

Bibi yetu ana miaka tisini, watu husema amekula chumvi nyingi.
Casilda ana thelathini na sita.
Saa tatu usiku nasikia bomba la jikoni,
glasi inajaa, inawekwa chini.
Kisha swichi ya taa.
Nangoja kidogo, kwa mazoea,
nione kama itawashwa tena.